System.Drawing kwa kazi ya kuchora kanga kwenye bitmapu: maoni ya mtu anaeitumia

Ndugu zangu mnaoandika programu za Windows kwa C#, kama kazi yako ni kuchora kitu kwenye picha halafu ukiseivu au ukiprinti, System.Drawing, yaani laibrari ya kuchorea iliyomo ndani ya .NET, bado inafaa na inafaa sana, mie naipa nyota nne kwa tano, na hiyo nyota moja niloizuia ntaieleza huko chini. Naandika mana kila nikikutana na vijana wanaojifunza hapa Unguja wanaambiwa hicho kitu cha zamani achana nacho tafuta kipya, na wanaachana nacho bila ya mtu kuwaambia wanaacha nini. Cha zamani ni kweli. GDI+, yaani ile injini yenyewe inayochora kwa chini, ilikuja na Windows XP mwaka 2001, na System.Drawing ikatoka na .NET ya mwanzo kabisa 2002. Lakini uzee huo huo ndo unaonifanya niiamini, mana kompyuta nyingi za madukani huku kwetu ni za mtumba, memori ndogo, Windows imewekwa zamani na mwenyewe hataki uiguse, na hii ukiiandikia kwa .NET Framework inakuta kila kitu kipo ndani tayari, hupakui kitu, humalizi bando la mteja, unabeba programu yako kwenye flashi, unakopi, unafungua, inafanya kazi.

Mie kazi yangu ni programu za madukani, na ninayoipenda kuliko zote ni ile ya kumuonesha mteja kanga yake kabla haijenda kutengenezwa. Watu wana harusi, au kina mama wa kikundi wana maulidi yao, wanataka doti za sare zenye jina lao wenyewe, sasa badala ya kumueleza mtu kwa mdomo pindo litakuwa hivi na mji utakuwa vile, unamkalisha mbele ya skrini unamchorea pale pale na anaondoka na karatasi mkononi. Kanga nzima ni picha moja, bitmapu, na kila kitu juu yake kinachorwa na programu: pindo linazunguka pande nne, mji katikati, jina kwenye kisanduku chake chini ya mji. Ukiifikiria vizuri kanga ni somo zuri mno la kuchora kwa programu, mana ina kila kitu ndani yake, kuna kurudia umbo, kuna kuzungusha, kuna maandishi, kuna rangi bapa, na kuna vipimo vya kweli vya sentimita ambavyo haviruhusu mchezo.

Tuanze na jambo linalowasumbua wengi wanaoanza. Wanachora moja kwa moja kwenye fomu, yaani dirisha la programu, wanatumia CreateGraphics, mstari unaonekana wanafurahi, halafu wakiiminimaizi dirisha na kuirejesha kila kitu hakipo. Kuchora hivo ni kuandika juu ya mchanga wa pwani, maji yakija yanafuta, mana Windows inaiambia fomu ijichore upya na fomu haikumbuki ulichokichora wewe. Unachotaka ni kuwa na bitmapu yako mwenyewe kwenye memori, unaiundia kifaa cha kuchorea kwa Graphics.FromImage, unachora humo, halafu ile bitmapu ndo unaipa PictureBox, kile kisanduku cha picha kwenye fomu, iioneshe. Hapo dirisha lifunikwe lifunuliwe litakavyo, picha ipo, na picha hiyo hiyo ndo utakayoiseivu na ndo utakayoiprinti. Hili peke yake linatosha kumfanya mtu aipende System.Drawing, mana ni mistari mitatu minne tu, na kalamu inaitwa Pen, brashi inaitwa Brush, unashika kalamu kwa mistari na brashi kwa kujaza, mtu hata hajawahi kuchora kwa programu anafahamu siku hiyo hiyo.

Vitu viwili hapo usivisahau. Sifuri ya picha iko juu kushoto na y inaongezeka ukishuka chini, kwaiyo ukitoka kwenye hesabu za skuli utaona grafu yako imepinduka. Na bitmapu mpya ya aina ya Format32bppArgb inazaliwa haina rangi, ni uwazi mtupu, kwaiyo kitu cha kwanza ipake rangi ya chini kwa Clear, la sivyo ukiiseivu kuwa JPEG pale palipokuwa wazi pote panakuwa peusi, na mteja akiona kanga yake nyeupe imekuwa nyeusi humrejeshi tena.

Sasa pindo, na hapa ntakaa kidogo mana ndo kazi yenyewe. Pindo ni umbo moja linalojirudia, iwe korosho, iwe ua, iwe vile vidoa vya kisutu, kwaiyo unachora umbo moja kwenye bitmapu ndogo halafu unaitia kwenye TextureBrush, na ukijaza mstatili kwa brashi hiyo umbo linajipanga lenyewe kutoka mwanzo mpaka mwisho. Kwa pande za kushoto na kulia unahamisha sifuri ya mchoro kwa TranslateTransform kisha unageuza kwa RotateTransform nyuzi 90, unachora kama ulivochora la juu, halafu unarejesha hali uloihifadhi mwanzo kwa Save, unairejesha kwa Restore. Ukilifahamu hili la kuhamisha kwanza ndo ugeuze, basi mambo mengi yanafunguka, si kanga tu, hata saa ya ukutani, hata mihuri ya duara. Ila hesabu ya kona fanya kabla, hakikisha urefu wa upande unagawika na upana wa umbo lako bila kubaki, mana pindo likikatika nusu ua kwenye kona kila mwanamke wa Kizanzibari ataliona kabla hata hajakaa kitini.

Na kuna ule mshono. Ukiwa unalikuza au kulipunguza lile umbo dogo kwa DrawImage na umeweka InterpolationMode (njia ya kukadiria pikseli picha ikibadilishwa saizi) ya HighQualityBicubic, baina ya umbo na umbo kunatokea kistari chembamba cha rangi ya chini kinachungulia. Sababu yake ni kwamba injini ikifika ukingoni mwa picha inachanganya pikseli za mwisho na kitu kilichopo nje ya picha, na nje ya picha hakuna kitu, ni uwazi, kwaiyo ukingo unapauka. Dawa yake ni kutumia ImageAttributes na kuiwekea SetWrapMode ya TileFlipXY, hapo injini inapotaka pikseli za nje inapewa za ndani zilizogeuzwa, na pamoja na hilo weka PixelOffsetMode iwe Half. Kistari kinaondoka. Hili nalitaja kwa urefu mana kwenye skrini unaweza usilione kabisa, ukiprinti ndo linajitokeza, na karatasi ishatoka na wino ushakwenda.

Jina la kanga. Kwa DrawString unampa maneno, fonti, brashi na mstatili, na StringFormat unaiambia Alignment iwe Center na LineAlignment iwe Center, basi HASIDI HANA SABABU inakaa katikati ya kisanduku chake sawasawa. Ukitaka kujua jina litaingia au haliingii unalipima kwanza kwa MeasureString, lakini ujue kipimo kile kinaongeza nafasi kidogo pembeni, ukitaka kipimo cha kubana tumia StringFormat.GenericTypographic. Nilimchorea bi mkubwa mmoja wa Wete jina refu mno, alipoliona akasema mwanangu hili limekaa kama limebanwa na mlango, nikapunguza fonti hatua kwa hatua ndani ya programu, inapima, kubwa, inapunguza, inapima tena mpaka linaingia na kubaki nafasi ya kupumua, akaridhika. Kazi hiyo sasa programu inaifanya yenyewe. Na TextRenderingHint weka AntiAlias au AntiAliasGridFit kama unachora juu ya bitmapu yenye uwazi, usiache ClearType, ile njia ya Windows ya kulainisha herufi za skrini, mana ClearType inahitaji kuijua rangi ya chini na isipokuwepo maandishi yanatoka na ukungu mweusi pembeni.

Halafu kuna Kiarabu, na hapa System.Drawing inanipa raha kweli. Kanga za zamani majina yake yaliandikwa kwa herufi za Kiarabu, na mpaka leo kuna wanaotaka hivo, na mbali ya kanga kuna vyeti vya madrasa, kuna kadi za mualiko wa ndoa zinazoanza na Bismillahi. Herufi za Kiarabu hubadilika umbo kwa kutegemea ziko mwanzo, kati au mwisho wa neno, na zinashikana. DrawString inalijua hilo, unampa maneno yako anayaunga mwenyewe, unaongeza StringFormatFlags ya DirectionRightToLeft, basi, yanatoka yakisomeka. Kwa sisi wa huku hilo si pambo, ndo tofauti ya programu inayofaa kuwekwa kwenye meza ya ustadhi na isiyofaa.

Saizi. Kanga ni kiasi cha sentimita 150 kwa 110. Mtu akikwambia mchoree kwa DPI 300, yaani pikseli 300 kwa kila inchi, piga hesabu kwanza: hiyo ni pikseli kiasi cha 17,717 kwa 12,992, ukizidisha ni pikseli milioni 230, na kila pikseli ya 32bppArgb inakula baiti 4, kwaiyo picha moja tu ni MB 920 hivi. Programu ya biti 32 kwa kawaida haitoibeba hiyo, itakutupia kosa linalosema Parameter is not valid na wewe utaanza kutafuta parameta gani mbovu kumbe zote nzima, kilichokosekana ni memori. Kanga hiyo hiyo kwa DPI 100 inakuwa pikseli 5,906 kwa 4,331, kama MB 102, na hiyo hata kompyuta ya duka inaivumilia. Kwa karatasi ya kumpa mteja hata huko usifike, A4 ya DPI 300 ni pikseli 2,480 kwa 3,508, karibu MB 35, inatoka safi.

Ninavofanya mie ni kuandika fankisheni moja tu ya kuchora, inapokea Graphics na haijui inachora wapi, na ndani yake vipimo vyote ni vya milimita za kanga. Kwenye bitmapu ya kiwanda unaita SetResolution kwanza kabla hujaunda Graphics, halafu PageUnit unaiweka Millimeter, hapo kalamu ya unene wa 2 ni milimita mbili za kweli. Kwenye skrini na kwenye A4 unaongeza ScaleTransform ili kanga nzima iingie. Mchoro mmoja, sehemu tatu, na haiwezekani skrini ioneshe hivi na karatasi itoke vile. Mtu akiniuliza nini cha kujifunza mwanzo kwenye laibrari hii ntamwambia hicho, kabla ya madoido mengine yote.

Rangi nazo zina lao. Kanga moja hutoka kwa rangi tofauti tofauti, mteja anataka aone ile ile kwa buluu, kwa njano, kwa kijani. Kuna kitu kinaitwa SetRemapTable ndani ya ImageAttributes, unampa rangi ya zamani na rangi mpya anabadilisha wakati wa kuchora, kizuri na cha haraka, lakini anabadilisha rangi inayolingana kabisa tu, kwaiyo kama ulichora kwa SmoothingMode ya AntiAlias, ile ya kulainisha kingo, zile pikseli za pembezoni zilizochanganyika nyekundu na nyeupe hazilingani na chochote, zinabaki, na ua lako la buluu linakuwa na ukingo wa pinki. Kwa michoro yako mwenyewe ni bora uchore upya kwa brashi mpya. Kwa picha iloskaniwa basi itabidi uguse pikseli moja moja, na hapo tafadhali msitumie GetPixel na SetPixel kwa picha ya pikseli milioni 25, tumieni LockBits mkopi safu zote kwenye arrei kwa Marshal.Copy, mzichezee huko, mrudishe. Mpangilio wa baiti ni buluu, kijani, nyekundu kisha uwazi, si kinyume chake, na usidhani kila mstari wa picha unaishia pale pikseli zinapoishia, kuna Stride, urefu wa mstari mmoja kwa baiti, ambayo huzungushwa ifike kigawe cha 4, itumie hiyo kuhama mstari.

Sasa nyota niloizuia. Kwanza makosa yake hayasemi ukweli. Ukiseivu juu ya faili ambalo bado limefunguliwa inakwambia A generic error occurred in GDI+, na kwenye .NET Framework ukiseivu kwenye folda isiyokuwepo inakwambia hilo hilo, ukiwa mgeni utalia. Hilo la faili kufungwa linatokana na Image.FromFile, inalishikilia faili mpaka uiachie picha yenyewe, kwaiyo ifungue, itie kwenye bitmapu mpya, halafu ya mwanzo uifanyie Dispose, yaani uiachie, hapo hapo. Na Dispose kwa jumla ni wajibu, kila Graphics, kila Pen, kila Font, kila Bitmap itie ndani ya using, mana uzito wa picha unakaa nje ya memori inayosafishwa na .NET yenyewe, msafishaji anaona kitu kidogo hana haraka nacho, kumbe nyuma yake kuna MB 100. Programu inafunguliwa asubuhi nyepesi, adhuhuri imekuwa nzito, jioni imekufa, na hapo si kosa la kompyuta ya mtumba. Na bitmapu moja usiichore kutoka thredi mbili kwa wakati mmoja, inatupa kosa la kusema kitu kinatumika kwengine.

Pia Graphics.FromImage haikubali picha za rangi za faharasa, yaani kila pikseli ni namba tu ya rangi kwenye orodha, kama zile za Format8bppIndexed, GIF nyingi na baadhi ya PNG ziko hivo. Inakataa kabisa. Unatengeneza bitmapu ya 32bppArgb yenye saizi ile ile unaichora ile ya zamani juu yake kisha unaendelea. Si kubwa hili, ila linaudhi ukikutana nalo mteja yuko pembeni yako.

La pili, na hili ndo kubwa, ni ya Windows peke yake. Kuanzia .NET 6 ya mwaka 2021 System.Drawing.Common haihudumiwi tena kwenye Linux wala Mac, na .NET 7 ikaondoa hata ule mlango wa nyuma wa kuiwezesha. Kwaiyo kama programu yako itakwenda kwenye seva ya Linux, au mteja wako ana Mac, usianze nayo, nenda SkiaSharp. Nayo nimeitumia na ni kazi nzuri kwa kweli, ni bure, chini yake iko Skia ambayo ndo inayochora Chrome na Android, ni ya haraka, kingo za michoro safi, na inaweza kutoa PDF yenye mistari ya kweli badala ya pikseli, jambo ambalo viwanda vinalipenda. Lakini kwa kazi zangu ina mambo mawili. Unabeba faili la ziada la injini yake pamoja na programu, na lazima lilingane na biti za kompyuta. Na DrawText yake ya kawaida haiungi herufi za Kiarabu, zinatoka zimeachana moja moja, itabidi uongeze SkiaSharp.HarfBuzz ndo zishikane. Na ukihamisha michoro kutoka huku kwenda kule, kumbuka kule y ya maandishi ni mstari unaokaliwa na herufi, huku ni juu ya kisanduku cha maandishi, usipoirekebisha majina yote yanapanda juu yanaingia kwenye mji.

Kwa duka la Mchangani au Chake lenye kompyuta moja ya Windows na printa moja, mie nabaki na System.Drawing. Mkishamaliza mchoro seivuni PNG, si JPEG, mana JPEG inapunguza habari za rangi na wekundu wa kanga ukigusana na weupe unaacha uchafu pembeni ya herufi. Na mkimtumia mteja au kiwanda kwa WhatsApp itumeni kama dokyumenti, ukiituma kama picha inabanwa na kupunguzwa, mtu wa kiwanda anapokea kitu ambacho jina halisomeki halafu anakupigia kuuliza sentimita ngapi. Kabla hamjachora chochote muulizeni yeye kwanza anataka DPI ngapi na pindo aliachie sentimita ngapi za kushona, mwekeni namba hizo juu kabisa ya programu kama vigezo, mana kila kiwanda kina zake.